Programu ya simu inagoma kila dakika? Usikimbilie kuflashi!

Jamani vijana wenzangu, kuna neno moja limeenea pale Kariakoo kama ukungu wa asubuhi: kuflashi. Peleka simu inayoganda, fundi atakwambia iflashiwe. Peleka inayokataa kutuma meseji, iflashiwe. Nahisi hata ukiipeleka iliyoishiwa chaji hatakosekana mmoja wa kukwambia iflashiwe! Na kwa wale msiojua, kuflashi ni kuufuta mfumo mzima wa simu na kuupandikiza upya. Mara nyingi kila kilichomo ndani kinakwenda na maji: picha, meseji, namba za watu, hata yale mambo yenu mnayoyajua wenyewe.

Ugonjwa ninaouzungumzia leo ni wa zile programu zinazokuja na simu kutoka kiwandani. Ya kupigia, ya meseji, kamera, kibodi. Gemu likileta nyodo unalifuta, habari imekwisha. Hizi huwezi. Zimezaliwa na simu, na zikianza kuanguka ovyo unabaki umeshika mdomo.

Yangu ilikuwa ya kupigia. Inaita vizuri tu, lakini ile sura yenye kitufe cha kupokea inatokea nusu sekunde, inapotea, halafu yanakuja maandishi kwamba programu ya simu imeacha kufanya kazi. Kila ikiita. Simu inalia mkononi na mimi naiangalia tu kama televisheni! Mchumba alinuna siku mbili, akidai kuna mtu niko naye ndiyo maana sipokei. Kasheshe tupu.

Nikaibeba hadi Mtaa wa Aggrey. Fundi hakuiangalia hata dakika mbili.

"Sista, hii inataka kuflashiwa. Elfu thelathini, nusu saa unaondoka nayo."

"Na vitu vyangu vilivyomo, kaka?"

"Vitu gani sista? Si utapiga picha nyingine!"

Picha nyingine nitapiga, sawa. Lakini ndani ya simu ile kuna sauti za bibi yangu wa Muheza. Bibi hakujua kuandika meseji, basi alikuwa anamwomba mtoto wa jirani ambonyezee kitufe cha kurekodi WhatsApp, halafu anaongea weee mpaka pumzi inamwishia. Ananisalimia, ananigombeza kwa nini siendi nyumbani, ananielekeza kisamvu kinavyotwangwa. Zipo arobaini na kitu. Bibi alifariki mwaka jana. Huyo nani atamrekodi upya? Nikaichukua simu yangu, nikamwambia fundi asante, nikapanda daladala.

TUKIO LA MACHI 2021

Niliyakumbuka ya mwaka 2021. Tarehe 22 Machi mwaka huo watu wengi duniani wenye simu za Android waliona programu zao zinaanguka kama maembe mabivu. Gmail inafunguka na kufunga, nyingine nazo zinafuata, na mtu hajagusa kitu. Mchawi alikuwa kitu kinaitwa Android System WebView. Hiki ni kipande cha mfumo ambacho kazi yake ni kuziwezesha programu nyingine zionyeshe kurasa za intaneti ndani kwa ndani, bila kukutoa nje. Kwa kuwa programu nyingi zinakitegemea, kikiugua chenyewe zinaugua zote. Ni sawa na jenereta la jengo: likizimika, usimlaumu mpangaji wa ghorofa ya tatu.

Google wenyewe walikiri kwamba kasoro ilikuwa upande wao, wakatoa matoleo mapya ya Chrome na WebView kuiponya. Lakini kabla dawa haijafika, huduma kwa wateja ya Samsung kule Marekani ilikuwa imeshawaambia watu wafanye jambo dogo sana: waondoe masasisho ya WebView, kisha waiwashe simu upya. Basi! Hakuna kuflashi, hakuna kufuta picha ya mtu.

Hapo ndipo penye siri ambayo mafundi wengi hawakwambii. Programu ya kiwandani haifutiki, lakini yale masasisho iliyojiwekea yenyewe juu kwa juu yanaondoleka, na yenyewe inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Na usiku ukiwa umelala, umeacha simu kwenye chaji na Wi-Fi, ndipo masasisho hayo hujishusha. Ndiyo maana mtu analala na simu nzima anaamka na kimeo.

NILIVYOIFANYIA

Kwanza nilizima na kuwasha. Msicheke, hilo peke yake linaponya simu nyingi. Yangu haikupona. Nikaangalia nafasi, maana simu iliyojaa mpaka shingoni huangusha programu hovyo, na sisi wa magrupu ya harusi na vichekesho ndio wateja wakubwa wa kujaza. Ilikuwepo ya kutosha.

Nikaiingiza kwenye hali salama, ambayo mafundi wanaiita seifu modi. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia, halafu neno la kuzima likitokea kwenye kioo unalikandamiza kwa kidole mpaka ikuulize. Nyingine unashikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Ikiwa humo, simu inaendesha programu za kiwandani peke yake, zile ulizopakua zote zinalazwa usingizi. Usishtuke ukiikosa WhatsApp, iko palepale, ukizima na kuwasha inarudi. Maana yake ni hii: tatizo likitoweka ukiwa kwenye hali salama, mkorofi ni programu mojawapo uliyopakua, basi anza kuondoa za karibuni moja moja. Likibaki, mkorofi yumo ndani ya mfumo. Nikamwomba shoga yangu anipigie. Ikaanguka vilevile. Nikajua.

Baada ya hapo nikaenda kwenye setingi, au Mipangilio kwa mlioweka simu kwa Kiswahili, upande wa programu, nikaifungua ile ya kupigia. Nikailazimisha isimame, kisha nikafuta kache, ile akiba ya vitu vya muda. Kufuta kache hakuna madhara. Jirani yake ndiye hatari: kufuta data! Ukienda kichwakichwa ukafuta data kwenye hifadhi ya majina, namba zote ulizoweka kwenye simu bila kuziunganisha na akaunti ya Google zinakwenda. Soma kabla hujabonyeza, bwana.

Kache haikusaidia. Nikagusa vidoti vitatu pale juu, pembeni, nikachagua kuondoa masasisho. Ikauliza kama nina uhakika, nikakubali, nikawasha upya. Shoga akapiga. Ikaita, kitufe kikatokea, kikatulia. Niliongea naye robo saa nzima bila sababu!

Kisha nikaingia Play Store, kwenye ukurasa wa programu ileile, vidoti vitatu tena, nikaizuia isijisasishe yenyewe. Wiki mbili baadaye lilipotoka toleo jingine nikaliweka kwa mkono, na mpaka leo haijaanguka. Msiisahau hatua hii ya mwisho, kwani masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya wezi wa mitandaoni. Simu isiyosasishwa mwaka mzima ni nyumba isiyo na komeo.

Wenye iPhone kwenu ni kufupi: hamna kache ya kufuta kwa mtindo huu. Washeni upya, angalieni nafasi, wekeni toleo jipya la iOS.

IKISHINDIKANA KABISA

Kuna simu ambazo zote hizo hazizisaidii, na hapo kurudisha hali ya kiwandani hakukwepeki. Sawa, lakini weka akiba kwanza. Za WhatsApp zinakwenda Google Drive, na ujue tangu 2024 zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, kwa hiyo ikijaa haihifadhi kitu. Sauti za bibi mimi nimezitoa moja moja nikazitumia kwenye barua pepe yangu, na nakala nyingine iko kwa kaka. Halafu hakikisha unaikumbuka nywila ya akaunti yako ya Google. Simu ikifutwa kwa kulazimishwa itakuuliza akaunti iliyokuwemo mwanzo, na usipoijua umebaki na kigae cha kuzuia mlango.

Na ukimwachia fundi simu, chomoa laini yako na memori kadi, uondoke navyo. Namba ya siri ya pesa za simu haimhusu. Simu kadhaa za Samsung za miaka ya karibuni, tangu 2022, zina hali ya matengenezo: ukiiwasha, fundi anaikagua simu yote lakini picha, meseji na akaunti zako hazioni. Akina dada mlio na picha zenu, itafuteni kwenye setingi leo, kabla simu haijaharibika.