Mtoto Anayesema Peke Yake

Ukifika Kinsevere, kilometa kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, pita nyuma ya nyumba saa ya jioni, akina mama wanapowasha mbabula ili kupika bukari. Hutakosa kumwona mtoto wa miaka mitano ameketi mavumbini, anatengeneza gari la waya, naye anasema peke yake: “Gurudumu hili hapa. Lile kule. Aa! Waya umekwisha. Nitafanyaje? Nikate huu mrefu.” Dada yake humcheka, na pengine mama huingiwa na hofu: Je, mwanangu ameshikwa na wazimu?

Usihofu, mama. Mtoto huyo anafikiri.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamebishana sana juu ya jambo hilo. Wawili kati yao walizaliwa mwaka mmoja, 1896: Jean Piaget, Mswisi, na Lev Vygotsky, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Belarus. Piaget, katika kitabu alichokitoa mwaka 1923, alifundisha kwamba mtoto husema peke yake kwa sababu bado hajui kujiweka mahali pa mwenzake. Akizoea watu, maneno hayo yatakufa. Vygotsky akafanya majaribio. Aliwapa watoto kazi ya kuchora, kisha akahakikisha kwamba kalamu ya rangi inayotakiwa haipo. Hapo maneno ya kujisemea yaliongezeka karibu mara mbili! Akaona kwamba maneno hayo ni chombo cha kazi, kama nyundo mkononi mwa fundi. Hayafi, huingia ndani polepole na kufupika, hata yakawa usemi wa moyoni usiosikika. Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 37, na kitabu chake juu ya fikara na lugha kilitoka mwaka uleule. Katika shauri hili wengi siku hizi humpa yeye haki, nami ni mmoja wao.

Basi, msomaji mpenzi, jipime mwenyewe. Piga hesabu ya 7 mara 8 bila karatasi. Umesikia lugha gani moyoni? Huko Lubumbashi watu hupatana bei sokoni kwa Kiswahili, lakini tarakimu zenyewe mara nyingi huzitaja kwa Kifaransa, maana hesabu walifundishwa shuleni kwa lugha hiyo. Tena mtu yuleyule akishikwa na homa kali usiku, huenda akamwita Mama Maria kwa Kibemba au Kiluba alichokinyonya kwa mama yake.

Je, fikara yenyewe ni lugha? Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, alilitafakari sana swali hili. Katika kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu anaeleza kwamba liko neno la moyoni, lisilo la Kilatini wala la Kigiriki wala la lugha nyingine yoyote, nalo huitangulia sauti. Jambo hilo hulionja kila mtu anapotafuta jina la kitu asilipate. Kitu chenyewe anakijua. Ukimtajia jina lisilo lake, analikataa mara moja, na huku jina la kweli halimjii. Vygotsky naye, karne nyingi baadaye, hakukubali kwamba fikara na maneno ni kitu kimoja.

Hapo ndipo watoto wetu wanapoguswa. Kwa Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, Kifaransa ndicho lugha rasmi, na lugha za taifa ni nne, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtoto wa Kinsevere aweza kuwa na Kibemba cha mama mzaa mama, Kiswahili cha njiani na Kifaransa cha darasani. Akiulizwa kwa Kifaransa, ananyamaza. Watu wepesi wa kuhukumu humwita mpumbavu. Umwulize jambo lilelile kwa Kiswahili, na mara nyingi utaona kwamba jibu lilikuwamo, ila lilikosa mlango wa kutokea.

Wazazi wengine, kwa kutaka kumsaidia, hukifukuza Kiswahili nyumbani na kusema na mtoto kwa Kifaransa cha kuokoteza. Nia yao ni njema, bali njia siikubali. Kwa maneno kumi ya “njoo”, “kula” na “nyamaza”, mtoto hatajifunza kusema “kwa sababu”, wala “huenda”, wala “kama ingalikuwa hivi”. Hayo atayapata kwa mzazi anayemsimulia, anayemwuliza na kumngojea ajibu, katika lugha ambayo mzazi mwenyewe anaimudu.

Agostino anasimulia katika Maungamo yake kwamba Kilatini alikipata bila hofu wala fimbo, kwa walezi waliombembeleza na kucheza naye, maana moyo wake ulikuwa na mambo uliyotaka kuyasema. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho na adhabu kali, akakichukia. Akawa Askofu wa Hippo na mwalimu wa Kanisa lote. Lakini Kigiriki hakupata kamwe kukisoma kwa wepesi.