Je, Wajua? Picha Iliyozeeka kwa Niaba ya Mwenyewe

Je, wajua kwamba riwaya ya The Picture of Dorian Gray ilianzia mezani? Agosti 1889, mhariri J. M. Stoddart aliwaalika waandishi Oscar Wilde na Arthur Conan Doyle kwa chakula katika hoteli ya Langham, London. Doyle akamwandikia kisa cha Sherlock Holmes. Wilde akaandika habari za kijana mzuri wa sura aliyetamani picha yake izeeke badala yake. Tamanio likatimia: kila ovu alilotenda liliiharibu picha aliyoificha, huku uso wake ukibaki laini.

Kisa cha Wilde kilitoka katika jarida la Stoddart mwaka 1890 kikiwa na sura 13, baada ya Stoddart kukata maneno yapatayo 500 aliyoona hayafai. Hata hivyo, wakosoaji walikiona kichafu. Mwaka 1891 Wilde alikipanua hadi sura 20, na mwaka 1895 wakili wa mpinzani wake alikitumia dhidi yake mahakamani. Lakini kitabu hicho kilichodaiwa kukosa maadili chafundisha jambo zito: sura nzuri huwadanganya watu, haiidanganyi dhamiri.