Neno "bank": Benki, Benchi na Ukingo wa Mto

Jina la Mtoni, katika Wilaya ya Temeke, linatokana na neno lenye maana mbili. Mto Kizinga upitao huko ni mto wa maji; kilazwapo kichwa kitandani, huwekwa juu ya mto wa kulalia. Mzawa wa lugha hachanganyi maana hizo, kwani muktadha humwongoza. Mfasiri wa Kiingereza hana kinga hiyo kila mara, hasa akutanapo na maneno mafupi.

Tuchukue neno "bank". Katika maana ya fedha, Waingereza walilipata kutoka Kiitaliano, ambako lilikuwa benchi au meza ya wabadilishaji fedha. Katika maana ya ukingo wa mto, lilitoka katika lugha za Skandinavia. Hata hivyo, asili zote mbili hurejea kwenye shina moja la kale la lugha za jamii ya Kijerumani, ambalo pia lilizaa neno tulilolitohoa kuwa "benchi". Hivyo benki na benchi ni ndugu, ingawa sisi tuliwapokea kama wageni wasiojuana. Kwa maana ya mto hatukuhitaji kukopa, maana "ukingo" tunalo.

Jambo hili si la mapambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mfasiri akiandika "kando ya mto", ametaja eneo lisilo na mpaka dhahiri. Akiandika "kutoka mtoni", msomaji atauliza kama kipimo kinaanzia kwenye maji au kwenye ardhi. Mwenye nyumba bondeni anastahili kujua mita ya kwanza inahesabiwa kutoka wapi. Neno "ukingo" ndilo linalomwonyesha.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, wajibu huu umekuwa mzito zaidi. Basi mfasiri asikimbilie kisawe cha kwanza cha kamusi. Kwanza atambue uwanja wa matumizi. Pili atafute neno ambalo wananchi wanalo tayari. Tatu, alipatapo, alitumie hilo hilo tangu mwanzo hadi mwisho wa waraka. Ufupi wa neno usimdanganye mtu kuwa maana yake ni nyepesi.