Nani muungwana katika kisa cha Fumo Liyongo?

Hapa Mwakirunge, vijana wakishatazama filamu za majitu na wafalme wenye panga, ubishi wao huwa mmoja: nani ana nguvu zaidi? Juzi, nikingoja mahamri na mbaazi zangu, nikawatupia jina la Fumo Liyongo. Mmoja akanijibu papo hapo: "Mwalimu, huyo si alikuwa mjinga? Yuwajua mwanawe kanunuliwa, kisha amwambia siri ya kumuua! Sasa nguvu zamfaa nini?"

Swali hilo miongozo mingi ya fasihi simulizi hulipita kando. Mwanafunzi hufunzwa kuorodhesha sifa za jagina: ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri ya nguvu hizo, husalitiwa na mtu wake wa karibu. Liyongo anaingia humo, Lwanda Magere wa Waluo anaingia, Samsoni naye anaingia. Orodha si mbaya, ila haisemi nani alitenda haki na nani alidhulumu. Ni orodha ya nguvu tu. Vijana wangu wa filamu wangeifurahia.

Lugha yenyewe ina mizani bora kuliko miongozo. Chukua neno jabari. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina nyuso mbili: Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, lakini binadamu akiitwa hivyo, mara nyingi ni dhalimu. Sisi twalitumia zaidi kwa kusifu. Kwa mwovu tuna nduli, neno lililovuma wakati wa vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, Idi Amin alipoitwa nduli hadi likawa kama sehemu ya jina lake.

Yenye utamu zaidi ni maneno ya heshima. Murua linatokana na Kiarabu muruwwa, nalo lina shina moja na neno la mwanamume: hapo kale lilikuwa jumla ya sifa za mwanamume kamili, yaani ukarimu, subira, kutimiza ahadi. Leo twasema tabia murua, na hata wali nao huwa murua ukiungwa vizuri! Muungwana nalo lilimtaja mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Ukizaliwa katika nyumba fulani umekuwa muungwana, uwe na adabu usiwe nayo. Leo muungwana ni mwenye mwenendo mwema, awe mtoto wa nani. Neno limehama kutoka kwenye nasaba hadi kwenye matendo. Uhamaji huo ndio ninaoutaka tunapomsoma Liyongo.

Kisa chake kilichapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliuhariri utenzi huo ukachapishwa Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka jela mwaka uliotangulia, alikofungwa kwa ajili ya maandishi ya kisiasa. Mfungwa wa jana akihariri habari za mfungwa wa kale. Sidhani kuna mhariri aliyefaa zaidi.

Sultani wa Pate alimwogopa Liyongo, akamtia gerezani. Mama alimpelekea mwanawe chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi walikula kizuri, wakamwachia mfungwa makapi. Liyongo akaimba wimbo wa mafumbo: Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Walinzi hawakuugusa mkate ule, kwa kuudharau. Kisha akaomba lipigwe gungu, na katika kishindo cha ngoma akakata minyororo.

Sasa tupime. Jabari wa kisa, mtu ambaye jeshi zima halimwezi, ameokolewa na ajuza na mjakazi. Kwa maana ya kale, Sultani ni muungwana na Saada siye. Kwa maana ya leo, Saada aliyebeba siri mbele ya walinzi wenye silaha, siku baada ya siku, bila kuahidiwa chochote, ndiye muungwana wa utenzi mzima. Sultani ni mtu wa hila: hakumkabili adui yake hata mara moja. Alimtafuta mtoto, akamwahidi mali na binti yake, akamtuma kwa babake.

Nilipowaeleza hayo, dada muuza mbaazi akadakia: "Na Mekatilili je? Yeye alikuwa na nguvu gani?" Nikampenda kwa hilo. Mwaka uleule wa 1913, Kijumwa akiandika Lamu, Mekatilili wa Menza alikuwa akiwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na kwa viapo dhidi ya Waingereza. Walimpeleka uhamishoni Kisii; akatoroka, akarudi kwao. Ukimpima kwa misuli hana nafasi katika orodha ya majagina.

Turudi kwa yule kijana. Katika utenzi wa Kijumwa, Liyongo anatambua kuwa mwanawe ametumwa, na bado anamtajia: sindano ya shaba, kitovuni. Ujinga? Mimi nasema alikuwa na njia mbili. Angeweza kumuua mtoto, au kumdanganya na kuishi akimwogopa kama Sultani alivyoishi akimwogopa yeye. Njia zote mbili zingemgeuza Mringwari wa pili. Msomaji anaweza kukataa, akasema baba hana haki ya kumwachia mwana dhambi nzito kama ile. Hoja hiyo ina uzito, na kijana wangu aliishikilia mpaka mahamri yakaisha.

Liyongo alipochomwa, alitoka na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, mshale tayari, akafa vivyo hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Wakaenda kumwomba mama yake ambembeleze.