Kwa Nini Utingo Hunyamaza?

Juzi nilisimama karibu na soko la Wote, nikamwona utingo mmoja akitia jiwe chini ya gurudumu la lori la mchanga. Nikamwuliza kama breki hazishiki. Akatazama huku na huku, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Bwana karani, zashika nusu. Lakini usinitaje."

Ndugu msomaji, neno hilo "usinitaje" ndilo lililonishikisha kalamu. Kijana yule si mwoga. Hufungua tairi usiku porini peke yake. Alichoogopa ni kukosa kazi. Utingo na wapakiaji wengi hulipwa kwa siku au kwa safari. Asemaye leo, kesho huambiwa nafasi yake imepata mtu. Tena gari lililolala gereji haliingizi kitu, na mvua za Ukambani zikikosa, shamba peke yake halilishi nyumba. Zaidi ya hayo kuna heshima: pengine dereva ni ndugu wa mama yake, naye ndiye aliyemtafutia kazi. Atamwambiaje, "Mjomba, umechoka, simamisha gari"?

Twakumbuka msiba wa tarehe 4 Desemba 2021, basi lilipochukuliwa na maji ya mto Enziu karibu na Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30. Sisemi kwamba yuko aliyenyamaza siku ile. Nasema kwamba hatari barabarani haimngoji mtu amalize kuona haya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa aionayo, na yamkataza mwajiri kumfukuza kwa sababu tu amelalamika. Hiyo ni sheria njema. Lakini kibarua asiye na barua ya kazi atathibitishaje kwamba alifukuzwa, na hata kuajiriwa kwake hakukuandikwa?

Basi wenye magari na waanze wao. Kila lori liwe na daftari la kasoro, lijazwe kila asubuhi kabla ya safari, ili asemaye asionekane msengenyaji bali mtu atimizaye kazi yake. Na abiria nasi tuulize. Siku ile mimi nilipanda gari la kwenda Kitui, wala sikumwuliza dereva lolote juu ya breki zake. Mficha maradhi, kilio humfichua.