Mamluki wa Krete waliookota mishale ya adui

Je msomaji, ungelikuwa askari enzi za Wagiriki wa kale, ungechagua mkuki au upinde? Fikiri vyema, kwa maana mwenye upinde alidharauliwa. Shujaa alishika ngao na mkuki, akamkabili adui uso kwa uso. Mwaka wa 425 K.K., Msparta mmoja aliyetekwa katika kisiwa cha Sphacteria aliulizwa kwa kejeli iwapo wenzake waliouawa ndio waliokuwa mashujaa. Alijibu kwamba mshale ungekuwa na thamani kubwa kama ungeweza kuwatambua wanaume hodari.

Lakini vita vilihitaji mishale, kwa hivyo wapiga mishale walikodiwa, hasa kutoka kisiwa cha Krete.

Ncha za mishale hiyo mara nyingi zilikuwa za shaba iliyochanganywa na bati, ingawa chuma kilijulikana. Sababu ni rahisi. Chuma kilihitaji mhunzi akifue kipande kwa kipande, ilhali shaba hiyo iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu, zikatoka ncha zinazofanana. Huko Olynthus, mji ulioangushwa na Mfalme Philip wa Makedonia mwaka wa 348 K.K., wachimbuzi walizipata ncha zilizoandikwa jina lake. Barua yenye jina la mtumaji, bila shaka!

Sasa turudi mwaka wa 401 K.K. Mwanamfalme Cyrus wa Uajemi alikodi Wagiriki zaidi ya 10,000 ili ampindue nduguye, Mfalme Artaxerxes. Miongoni mwao walikuwamo wapiga mishale 200 wa Krete. Cyrus aliuawa karibu na Babeli, nao mamluki wakabaki ugenini bila mwajiri.

Walipoanza safari ya kurudi kwao, Waajemi waliwashambulia kwa mishale na mawe ya teo. Pinde za Wakrete hazikuwafikia adui. Siku moja jeshi zima lilisonga kilomita tano tu! Ndipo Xenophon, aliyekuwa mmoja wa viongozi, akawakusanya warusha teo 200 kutoka Rhodes. Wakrete nao waliokota mishale mirefu ya Waajemi, wakajizoeza kuirusha juu ili ifike mbali. Nyuzi za pinde walizipata vijijini. Tissaphernes, jemadari wa Waajemi, alipokuja na jeshi kubwa, alirudishwa nyuma upesi.

Kaskazini, katika milima ya Wakarduki, walikutana na mishale ya zaidi ya dhiraa mbili, iliyotoboa ngao na deraya. Wagiriki waliiokota hiyo nayo, wakaifunga kamba za ngozi, wakaitupa kama mikuki.