Chumvi ya Ukutani na Amana ya Mpangaji

Ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji jijini Dar es Salaam mara nyingi huzuka siku ya kurudisha funguo, pale mmoja anapoonyesha ukuta uliobabuka rangi na kitasa kisichofunga, na mwenzake akashikilia kwamba ndivyo alivyovikuta. Kwa kuwa hali ya nyumba haikuandikwa siku ya kuingia, hakuna wa kuamua nani mkweli, na amana, yaani fedha anayoiweka mpangaji ili ifidie uharibifu, hugeuka kuwa chanzo cha uhasama.

Kabla ya kudai fidia, uharibifu hauna budi kutenganishwa na uchakavu wa kawaida, ambao ni kuchoka kwa kitu kutokana na matumizi ya haki na kupita kwa muda. Chumvi ya ukutani yafaa itazamwe kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayowaonea wapangaji wengi. Nyumba iliyojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi hunyonya maji ya ardhini, nayo hupanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi, kisha yanapokauka kwenye uso wa ukuta chumvi hiyo huganda ikawa unga mweupe unaosukuma rangi na plasta mpaka zikadondoka. Alama yake ni mkanda unaofuata kuta kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti au zaidi, ilhali madhara ya mpangaji, kama vile matundu ya misumari au moshi wa jiko la mkaa, hukaa pale alipoyafanya. Kukata amana kwa sababu ya mkanda huo ni kumlipisha mpangaji kosa la aliyejenga, na hiyo ni dhuluma.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, nayo humwachia mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo wajibu wa kutunza paa na kuta kuu.

Desturi ya kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huongeza tatizo, kwa sababu wenye nyumba wengi hawarudi mpaka kodi inayofuata, na koki iliyoanza kudondosha matone kwa kuchakaa kwa mpira wake mdogo huwa imeshaozesha kabati lote la chini ya sinki. Ukaguzi wa kila baada ya miezi mitatu, kwa taarifa ya mapema, pamoja na orodha ya chumba kwa chumba yenye picha na saini za wote wawili, hugharimu kidogo mno kuliko kabati jipya.

Uharibifu wa kweli ukithibitika, fundi ataje gharama mbele ya pande zote mbili, na rangi iliyokwisha kukaa miaka minne isidaiwe kwa bei ya rangi mpya. Wasipoelewana, ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwasuluhisha kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako orodha ile yenye saini itakuwa miongoni mwa vielelezo vya kwanza kuulizwa.